Farasi, Kilowati na cc: Kusoma Nguvu ya Injini Kabla ya Kununua Gari

Zahanati ya kijijini, ushirika wa wakulima au kikundi cha akina mama kinaponunua gari, mara nyingi hicho ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote watakavyowahi kununua kwa fedha za pamoja. Fedha hizo zimekusanywa kwa miaka, nyingine zimetoka kwa watu ambao wenyewe hawana hata baiskeli. Kwa sababu hiyo kamati haina budi kuzielewa karatasi za bei inazoletewa. Katika somo hili tutashughulikia namba moja tu kati ya nyingi zilizomo katika karatasi hizo, nayo ni nguvu ya injini.

Tuseme zahanati iliyoko milimani inatafuta gari la kubebea wagonjwa. Wauzaji watatu wameleta karatasi. Ya kwanza inasema injini ina 96 kW. Ya pili inasema 129 hp. Ya tatu inasema 131 PS. Mjumbe mmoja wa kamati anasema gari la kwanza ni dhaifu, liondolewe. Mwingine anasema la tatu ndilo lenye nguvu zaidi, kwa hiyo hata kama bei yake imezidi kidogo, wagonjwa wetu wanastahili gari linalopanda milima. Katibu anaandika. Mkutano unafungwa.

Kumbe injini zote tatu ni moja. Ni ile injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda 6 na cc 4,164, ambayo imebeba wagonjwa, chanjo na walimu katika Land Cruiser nyingi Afrika nzima. Hakuna muuzaji aliyesema uongo. Kila mmoja ametumia kipimo chake tu, na kamati imelinganisha namba tupu. Ni sawasawa na kusema kamba ya futi 10 ni ndefu kuliko kamba ya mita 4.

Farasi wa James Watt

Kipimo cha kwanza kilitokana na biashara. Mwishoni mwa karne ya 18, James Watt wa Uskoti alikuwa akiuza injini za mvuke kwa watu waliokuwa wakitumia farasi kuzungusha vinu na mitambo. Mteja aliuliza swali la haki kabisa: mashine hii itafanya kazi ya farasi wangapi? Watt akachukua farasi wa kinu kama mfano. Farasi huyo alizunguka duara lenye nusu kipenyo cha futi 12 mara 144 kwa saa, akivuta kwa kani ya pauni 180. Ukizidisha, unapata kazi ya kuinua pauni 32,572 kimo cha futi moja kila dakika. Watt akaizungusha hesabu hiyo hadi 33,000, na hiyo ndiyo nguvu farasi moja ya Kiingereza, yaani hp. Mafundi wetu huiita hospawa.

Farasi wengi hawawezi kufanya kazi kwa kiwango hicho kutwa nzima, ingawa kwa muda mfupi farasi mwenye afya anaweza kukizidi mara kadhaa. Hilo halina shida. Kipimo kikishakubaliwa na wote, farasi mwenyewe anaweza kwenda kupumzika.

La kukumbuka hapa ni kwamba nguvu si uzito unaoinuliwa peke yake. Ni kazi iliyofanyika ikigawanywa kwa muda uliotumika. Mama anayevuta ndoo ya lita 20 kutoka kisima chenye kina cha mita 20 amefanya kazi ile ile, avute kwa dakika moja au kwa dakika tano. Akivuta kwa dakika moja, nguvu yake ni karibu wati 65. Akivuta kwa dakika tano, ni wati 13 tu. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuendelea na kazi ya wati kama 75 kwa saa nyingi. Kwa hiyo mama yule wa dakika moja anafanya kazi ya karibu sehemu moja ya kumi na moja ya farasi, na hapo hatujahesabu uzito wa ndoo wala wa kamba.

Farasi wawili wasiolingana

Nchi za Ulaya bara zilizotumia kilo na mita hazikutaka pauni na futi za Waingereza. Zikatengeneza farasi wao: kuinua kilo 75 kimo cha mita moja kila sekunde. Fikirieni mfuko mmoja na nusu wa saruji ukipandishwa mita moja, kila sekunde, bila kusimama. Farasi huyo wa kimetriki ni mdogo kidogo kuliko wa Watt. Farasi wa Kiingereza ni wati 745.7; wa kimetriki ni wati 735.5. Tofauti ni kama asilimia moja na nusu.

Majina yake ni mengi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Wajerumani huandika PS, na Wajapani wamechukua herufi hizo hizo, ndiyo maana zimejaa kwenye maelezo ya magari yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa. Wafaransa huandika ch au cv, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi hukutana na herufi hizo kila siku. Waholanzi huandika pk. Wote hao ni farasi yule yule wa kilo 75. Mkiona bhp, hiyo ni hp ya Kiingereza. Herufi b inasimama badala ya breki, na maana yake tutaieleza hapo chini.

Kilowati ndiyo inayomaliza ubishi. Wati ilipewa jina la James Watt mwaka 1882, na siku hizi ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya aina yoyote: ya injini, ya pasi, ya taa, ya mota. Kilowati moja ni wati 1,000. Nyaraka rasmi za magari katika nchi za Umoja wa Ulaya hutumia kilowati, na watengenezaji wa Japani huandika kilowati na PS pamoja. Tunashauri kila kamati igeuze namba zote kuwa kilowati kabla ya kuanza kujadiliana.

Njia ya kugeuza ni hii:

Kutoka PS (au ch, cv, pk) kwenda kW, zidisha kwa 0.7355.
Kutoka hp au bhp kwenda kW, zidisha kwa 0.7457.
Kutoka kW kwenda PS, zidisha kwa 1.36.
Kutoka kW kwenda hp, zidisha kwa 1.341.

Tujaribu na karatasi zetu tatu. Ya pili: 129 × 0.7457 = 96.2. Ya tatu: 131 × 0.7355 = 96.4. Ya kwanza tayari ni 96. Vijisehemu vilivyobaki vimetokana na kuondoa desimali tu.

Asiye na kikokotoo anaweza kutumia njia ya mkato. Ukiwa na farasi wa aina yoyote, zidisha kwa 3 kisha gawa kwa 4, utapata kilowati. Ukiwa na kilowati, zidisha kwa 4 kisha gawa kwa 3, utapata farasi. Farasi 100 ni karibu kilowati 75. Kilowati 60 ni karibu farasi 80. Kosa halizidi asilimia mbili, na hilo linatosha mkiwa mmesimama uwanjani mbele ya gari. Njia hii hufaa pia kwenye mashine za kusaga: mota ya umeme ya kilowati 15 ni sawa na farasi 20.

Tahadhari moja kwa wanaonunua umeme wa LUKU. Yuniti unayonunua ni kilowati-saa, nayo si nguvu bali ni nishati, yaani nguvu mara muda. Pasi ya kilowati moja ikiwaka saa nzima imekula yuniti moja. Magari na mabasi ya umeme yameanza kuonekana katika barabara za Nairobi na Kigali, na maelezo yake huwa na namba zote mbili: kilowati ni nguvu ya mota, kilowati-saa ni ukubwa wa betri. Anayezichanganya anakuwa amechanganya ukubwa wa injini na ukubwa wa tangi la mafuta.

Nguvu imepimwa wapi?

Hata baada ya kugeuza namba zote kuwa kilowati, bado kuna swali. Nguvu hiyo ilipimwa mahali gani, na injini ikiwa imefungwa nini?

Injini hupimwa kwa kuizuia. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alitengeneza kifaa kinachobana mhimili unaozunguka kama breki na kupima kani inayohitajika kuuzuia. Ukijua kani hiyo, umbali wake kutoka kwenye mhimili, na mhimili unazunguka mara ngapi kwa dakika, unapata nguvu. Huo ndio asili ya neno breki katika bhp. Mashine za leo ni za kisasa zaidi, lakini wazo ni lile lile.

Sasa, injini inaweza kupimwa ikiwa uchi: bila eakilina, bila alteneta, bila ekzosi ya kawaida ya gari. Itatoa namba kubwa. Au inaweza kupimwa ikiwa imevaa kila kitu kama ilivyo ndani ya gari. Itatoa namba ndogo, nayo ndiyo ya kweli kwa dereva. Watengenezaji wa Marekani walitangaza namba za injini iliyo uchi hadi walipobadilisha utaratibu kwa magari ya mwaka 1972. Injini ya LT-1 ya Chevrolet Corvette ya mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 330; injini hiyo hiyo ikivaa vifaa vyake vyote, namba ikawa 275. Farasi 55 waliyeyuka bila mtu kugusa bolti hata moja! Japani nayo ilifanya mabadiliko kama hayo katikati ya miaka ya 1980. Gari la zamani kuliko hapo likitangazwa kwa namba yake ya siku zile, lipunguzieni sifa kidogo.

Wakati mwingine namba huandikwa kwa sababu ambazo hazihusiani na kipimo kabisa. Kuanzia mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikubaliana kutotangaza gari lenye zaidi ya PS 280 nchini mwao, kwa kuhofia ajali na lawama. Yakatoka magari mengi ya kifahari, kila moja na PS 280 kamili, ingawa baadhi yake yalikuwa na nguvu zaidi. Magari ya namna hiyo si ya vikundi vyetu, lakini mfano wenyewe unafaa.

Pia nguvu inayotangazwa hupimwa kwenye injini, si kwenye magurudumu. Njiani kuna giaboksi, shafti na difu, na kila kimoja hula sehemu yake. Kwa makadirio ya kawaida hupotea kama asilimia 15 hadi 20, na gari la magurudumu manne yanayovuta hupoteza zaidi kuliko la mawili. Injini iliyochakaa imeshapoteza na nyingine ndani ya silinda zenyewe. Karatasi ya gari la mitumba inaeleza injini ilipokuwa mpya kiwandani, na kazi ya kuikagua ilivyo leo ni ya fundi mnayemwamini ninyi, si ya muuzaji.

Namba zinazofanana na nguvu

Watu wengi hupima injini kwa cc. Wanasema, "Hili ni gari la cc 1,500, haliwezi." Lakini cc ni ujazo tu, nafasi ambayo pistoni zote zinapita ndani ya silinda. Ni kama kupima nguvu ya mtu kwa ukubwa wa kifua chake. Injini ya 1HZ yenye cc 4,164 hutoa kilowati 96. Injini ya petroli ya 1NZ-FE, iliyowekwa kwenye Corolla na Premio nyingi zinazozunguka mijini kwetu, ina cc 1,496 na hutoa kilowati 80. Na injini mpya ya dizeli ya 1GD-FTV yenye tabo, cc 2,755, hutoa kilowati 150 katika matoleo yake ya sasa. Yenye cc nyingi kuliko zote tatu haikuwa ya kwanza kwa nguvu. Hata hivyo cc zina umuhimu wake mfukoni, kwa sababu Tanzania, kwa mfano, ushuru wa bidhaa kwa gari dogo linaloagizwa nje huongezeka cc zinapopita viwango fulani.

Kubwa zaidi ni farasi wa kodi. Zamani serikali za Ulaya zilitaka kutoza kodi ya gari kulingana na nguvu, lakini hazikuwa na njia rahisi ya kupima kila gari. Zikabuni kanuni. Uingereza, kuanzia mwaka 1910, ilitumia kanuni ya kipenyo cha silinda kwa inchi, kikizidishwa kwa chenyewe, mara idadi ya silinda, kisha kugawanywa kwa 2.5. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa. Matokeo yake mafundi wa Kiingereza wakatengeneza injini zenye silinda nyembamba na pistoni zinazokwenda mbali, ili farasi wa kodi wabaki wachache. Gari maarufu la Austin Seven la mwaka 1922 lilipata jina lake kutokana na farasi hao wa kodi. Uingereza iliachana na kanuni hiyo mwishoni mwa miaka ya 1940.

Ufaransa bado ina farasi wa kodi, na huandikwa CV. Citroën 2CV ya mwaka 1948 haikuwa na farasi wawili. Ilikuwa na tisa, kutokana na injini ya cc 375. Mbili ilikuwa namba ya kodi. Wasomaji wetu wanaonunua magari yaliyotumika Ufaransa wawe macho hapa. Katika kadi ya gari ya Kifaransa, nguvu halisi kwa kilowati iko kwenye mstari wa P.2, na nguvu ya kodi iko kwenye mstari wa P.6. Ukiona 7 kwenye P.6, usidhani unauziwa pikipiki. Na asitokee mtu akazidisha 7 hiyo kwa 0.7355, maana hakuna namba ya kuzidisha itakayoigeuza kuwa kilowati. Rudi kwenye P.2.

Torki: swali la mlimani

Tumesema Corolla ina kilowati 80 na Land Cruiser ya 1HZ ina 96. Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwa nini basi moja inabeba mgonjwa, muuguzi, ndugu watatu na mitungi ya oksijeni kwenye tope la mlimani, na nyingine inalia?

Sehemu ya jibu ni uimara wa bodi, magurudumu na gia. Sehemu nyingine iko kwenye namba inayoandikwa pembeni ya nguvu, ambayo watu huiruka: torki, yaani kani ya kusokota. Mtu anapofungua nati ya gurudumu kwa spana ndefu, anatumia torki. Kipimo chake ni nyutoni-mita, Nm. Karatasi za zamani za Kijapani huandika kilo-mita. Zidisheni kwa 9.8. Za Kiingereza huandika pauni-futi. Zidisheni kwa 1.356.

Torki na nguvu zimefungwa pamoja kwa hesabu moja. Chukua torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko ya injini kwa dakika, kisha gawa kwa 9,550. Jibu ni kilowati.

Injini ya 1HZ hutoa torki yake kubwa kabisa, Nm 285, ikizunguka mara 2,200 tu kwa dakika. 285 × 2,200 ÷ 9,550 = karibu kilowati 66. Maana yake, dereva akiwa bado katika mwendo wa chini wa injini, bila kelele, tayari ana theluthi mbili na zaidi ya nguvu yote mkononi. Injini ya 1NZ-FE hutoa torki yake kubwa, Nm 141, katika mizunguko 4,200. Katika mizunguko 2,200 haiwezi kufikisha hata hiyo 141. Tukiipa yote kwa ukarimu, bado tunapata kilowati 32 na nusu. Nusu ya ile nyingine. Kilowati zake 80 zipo kweli, lakini zinapatikana injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Hakuna dereva wa busara atakayeizungusha hivyo mlima mzima, kila siku, kwa miaka kumi.

Hapa ni lazima tuseme jambo moja kwa haki, maana mafundi hubishana sana juu yake. Gia inaweza kuongeza torki kadiri utakavyo. Ukiweka gia ndogo, hata Corolla hupata torki kubwa kwenye magurudumu, lakini itakwenda polepole. Gia haiwezi kuongeza nguvu. Kwa hiyo anayesema "torki ndiyo kila kitu, nguvu si kitu" amekosea sawa na yule anayesoma nguvu peke yake. Swali lenye manufaa ni hili: je, nguvu ninayoihitaji inapatikana katika mizunguko ambayo injini inaweza kuivumilia siku nzima?

Hesabu ya mlima

Tuhesabu mlima mmoja. Gari pamoja na mzigo wake lina kilo 3,500. Mlima unapanda mita 10 kwa kila mita 100 za barabara. Dereva anataka kwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, kwa sababu kuna mama mwenye uchungu nyuma. Kila sekunde gari linapanda juu mita moja. Kuinua kilo 3,500 mita moja kila sekunde ni 3,500 × 9.8, karibu wati 34,300, yaani kilowati 34. Ongeza kilowati 7 za kubingirisha magurudumu kwenye barabara mbovu na kama moja ya kusukuma hewa. Tuna 42 kwenye magurudumu. Asilimia 20 inapotea njiani, kwa hiyo injini itoe 42 ÷ 0.8, kama kilowati 52 au 53.

Sasa tuhesabu kimo cha nchi. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa ni nyepesi. Njombe iko karibu mita 2,000. Huko kilowati 96 za 1HZ zinabaki kama 77, na zile 66 zilizopatikana katika mizunguko 2,200 zinabaki kama 53. Inatosha, kwa shida lakini inatosha, na injini bado imetulia. Injini ya kilowati 80 inabaki na 64 ikilazimishwa hadi 6,000, na katika mizunguko 2,200 ina 26 tu. Kwa mzigo huo na mlima huo, dereva hana njia isipokuwa kupunguza mwendo au kuikamua injini mpaka juu.

Injini yenye tabo hupoteza kidogo zaidi ya bure inapopanda, kwa kuwa tabo hulazimisha hewa kuingia. Kwa wanaoishi juu ya mita 1,500 hilo ni jambo la kufikiria. Lakini injini mpya zenye tabo zinataka dizeli safi, oili sahihi na fundi mwenye kompyuta, na zahanati iliyo kilomita 200 kutoka kwa fundi huyo ijiulize mara mbili. Sisi, kwa maeneo ya namna hiyo, tungechagua injini rahisi yenye kilowati chache zaidi.

Wala si vyema kununua nguvu kupita mahitaji. Gari dogo linalokwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami tambarare linatumia chini ya kilowati 15 kati ya zote ilizo nazo. Ofisi ya ushirika iliyoko mjini, ambayo kazi yake ni kumpeleka mhasibu benki, haina sababu ya kulisha farasi 200.

Kamati inapoomba bei, basi, iandike kwenye barua yake yenyewe kwamba kila muuzaji aonyeshe nguvu kwa kilowati na katika mizunguko mingapi, torki kwa Nm na katika mizunguko mingapi, kama injini ina tabo au haina, na kama namba ni za injini iliyovaa vifaa vyake vyote. Muuzaji anayeifahamu bidhaa yake atajibu siku hiyo hiyo. Jina la injini, kama 1HZ, liandikwe pia, kwa maana fundi wenu anaweza kulithibitisha kwa kuangalia namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe.

Zoezi la kikundi

Fanyeni hesabu hizi pamoja, ikiwezekana mbele ya ubao, na anayejua hesabu asimharakishe asiyejua.

1. Vitz ya lita moja imeandikwa PS 71. Ni kilowati ngapi?

2. Muuzaji mmoja ana pikapu kutoka Uingereza yenye 148 bhp. Mwingine ana pikapu kutoka Japani yenye PS 150, na anataka bei zaidi kwa sababu ya "nguvu kubwa". Mtamjibu nini?

3. Injini isiyo na tabo ina kilowati 75 Dar es Salaam. Itabaki na ngapi Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi?

4. Injini inatoa torki ya Nm 200 katika mizunguko 2,400. Hapo ina kilowati ngapi?

5. Kadi ya gari kutoka Ufaransa ina 6 kwenye mstari mmoja na 66 kwenye mwingine. Ipi ni nguvu ya injini, na hiyo ni farasi wangapi wa kimetriki?

Majibu: (1) 52. (2) Zote ni kilowati 110. Hakuna nguvu ya ziada ya kulipia. (3) Kama 62. (4) Kama 50. (5) 66, yaani kilowati zilizo kwenye P.2, ni karibu PS 90. Ile 6 ni ya kodi.